Mahali Tulivu

Kafedha alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya nane, simu kaiegemeza kwenye sufuria. Pale uani Mishomoroni wanawake walikuwa wamejaa mikekani. Bi Mwanasaumu, mwenye nyumba, alikuwa amefariki alfajiri, na sasa alikuwa akioshwa chumbani mwake.

Chumba hicho ndicho kilichokuwa darasa la Kafedha, aliyesoma kwa simu. Kila Alhamisi bibi alimwachia kiti, kisha akaketi nje ya mlango na kuwatisha watoto: "Nyamazeni! Kafedha yuko chuoni." Muhula mzima hakuna aliyethubutu kupiga hata chafya.

Leo ilikuwa Alhamisi ya mwisho. Somo: Kuishi na Watu. Asiyeshiriki kipindi hiki hapati cheti, na hoteli moja ya Shelly Beach ilikuwa imemwekea Kafedha nafasi ya mapokezi mpaka Jumatatu, aje na cheti mkononi. Miaka miwili ya kufulia watu nguo huku akisoma ilikuwa imeishia kwenye kipindi hiki kimoja.

"Kafedha, washa kamera," Mwalimu Lenox alisema kwenye simu. "Bila sura, mtambo hautakuhesabu."

Akaiwasha.

"Mbona kelele? Uko sokoni?"

"Niko matangani, Mwalimu. Jirani yangu amefariki."

"Pole sana. Lakini sheria ni mahali tulivu. Huna chumba?"

Akautazama mlango uliofungwa. Ndani maji yalikuwa yakimwagwa.

"Nilikuwa nacho."

Mishi, aliyekuwa akichagua mchele kando yake, akamgusa begani. "Kafedha!"

"Abee."

"Weka hiyo simu, mwanangu. Watu watasema. Yule alikuwa mamako."

"Dakika tano tu, mama. Nazi nitazimaliza zote."

Wanafunzi wakaanza kueleza, mmoja mmoja, walivyowahi kumfaa jirani. Brian alisema alimwazima mwenzake chaja. Chaja ikapigiwa makofi. Ilipofika zamu yake, Kafedha hakujua aanzie wapi, akaigeuza kamera ionyeshe mikeka, moto, na wanawake waliokuja kabla hata ya kuitwa.

"Ndiyo haya, Mwalimu. Huyu bibi..."

Kilio kikapanda, kikayameza maneno.

"Kafedha, unawasumbua wenzako. Samahani, nakutoa. Hata mimi napimwa hapa."

Kioo kikawa cheusi. Kafedha akaona haya, kisha hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Wanaume wakaja, wakalibeba jeneza, wakapokezana shahada mpaka sauti zikapotelea barabarani. Ua ukanyamaza. Hata watoto walinyamaza, na hapakuwa na wa kuwatisha.

Simu ikalia. Ujumbe wa chuo ulisema: Kushirikiana na jamii, sifuri. Mwenye malalamiko ajiunge kutoka mahali tulivu, kabla ya saa kumi.

Tayari ilikuwa saa kumi na dakika mbili. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa wazi, sakafu bado mbichi, kiti kimeegemezwa ukutani. Kafedha akavuta nazi ya tisa.