Salamu za Njia ya Mashineni

Nilikuja kumchukua mama, na nilikuja na hasira. Mara tatu mwezi ule alikuwa amesahau njia ya kurudi nyumbani. Nikasema basi, atakaa kwangu mjini, mlango ufungwe, yaishe.

Jioni ya kwanza kijijini nilimkalisha sebuleni kwake. "Mama, mimi nani?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kama wewe mwenyewe hujijui, nenda kwenu wakakuambie."

Nilicheka, kisha nikaenda kulilia jikoni. Kesho yake nikamuuliza tena. Mimi mbishi, na ubishi nimeurithi kwake.

Siku ya tatu alitoka asubuhi, nikamfuata. Alikuwa na mashine ya kusaga kwa miaka thelathini, na ingawa ilishauzwa, kijiji kizima bado kinamwita Mama Mashine. Njiani nilisikia salamu ambazo sijapata kuzisikia kwingine.

"Shikamoo Mama Mashine. Mimi fundi viatu, nakaa hapo nyuma ya shule."

"Shikamoo mama. Mimi mkunga, jirani yako wa kushoto."

Hakuna aliyemuuliza kama anamkumbuka. Kila mmoja alijitambulisha kana kwamba yeye ndiye mgeni, na mama akaitikia kwa raha zake.

Mashineni, msagaji, jitu la miraba minne lenye nyusi nyeupe kwa unga, alimpa kiti na kumwekea unga kidogo kiganjani. Mama akausugua kwa vidole. "Bado. Rudisha."

Unga ulikuwa laini tayari. Msagaji akaurudisha kwenye mashine, na wateja sita wakangoja bila kuguna.

"Mnamdekeza," nikamwambia.

"Dada, wote hapa tumekulia unga wake. Kusaga mara mbili hakujaua mtu."

"Na akipotea?"

"Apotelee wapi? Tumekubaliana nyumba kwa nyumba. Ukimwona amepita njia panda, unaacha ulichoshika, unamsindikiza. Huko kwako akitoka nje, nani atamjua?"

Jirani anayetazamana na mlango wangu simjui hata jina. Niliwaonea fahari watu wale, na nikajionea haya.

Nikachutama mbele ya mama. "Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Mama Mashine, kitinda mimba wake. Nakaa mjini."

"Marahaba." Akanishika mkono kwa vidole vyake vya unga. "Mama yako namjua. Kila siku anakuulizia. Hebu nenda ukamwone, mwanangu, asije akafa na hamu yako."

"Nimeshafika, mama. Nilitaka kumhamishia kwangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayeombea mtu mwingine.

"Mwache," akasema. "Huku ana watu. Wewe ndiye uje."