Trekta la Kumkomoa Hussein

Wivu wa Mbwana ulianzia kwenye firigisi ya kuku, na asiyejua mambo ya ukweni anaweza kucheka. Acheke tu. Pale Sindeni, mama mkwe wake, Bi Hafsa, alikuwa na shamba la mahindi ambalo waume wa binti zake walililima kabla ya kugusa mashamba yao wenyewe. Siku ya kulima Bi Hafsa alichinja kuku, akapika wali, na sinia likapelekwa shambani likiwa limefunikwa vizuri. Mapaja waligawana waliokuwepo. Firigisi ilikuwa ya aliyelima, na mwingine hakuigusa hata awe na njaa ya namna gani.

Kwa miaka mingi aliyeila alikuwa Mbwana. Alikuwa na maksai wawili, Afisa na Mjumbe. Afisa alipewa jina hilo kwa sababu alitembea akitanguliza kitambi, kama mtu anayetoka kikaoni na posho mfukoni. Lakini akishafungwa plau hakuwa na mzaha. Alijua kugeuka kwenye pembe ya shamba bila kukanyaga mhogo hata mmoja, na mihogo ya Bi Hafsa ilipandwa pembeni hukohuko, imebanana. Bi Hafsa, kwa heshima ya ukwe, hakuzungumza na Mbwana uso kwa uso. Alisimama nyuma ya ua wake wa fito na kusema kwa sauti ya kusikika: "Katikati ya shamba hata ngiri analima. Mkulima mimi namwangalia pembeni." Mbwana aliyasikia hayo huku akitafuna firigisi polepole, ili isiishe.

Kisha Hussein akanunua trekta.

Mbwana alimwoa Tatu, Hussein akamwoa dada yake Tatu, na tangu hapo wawili hao wakawa wanyumba, watu wa kuitana ndugu hadharani na kupimana kwa jicho la pembeni. Trekta lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, na juu ya boneti liliandikwa FABIANI. Fabiani alikuwa na duka la vifaa pale Korogwe. Alianza na misumari na bati, akaongeza pampu za maji, na sasa alikuwa akiagiza matrekta madogo kutoka ng'ambo na kuyabandika jina lake. Mbwana alipoliona alicheka mpaka akajishika kiuno. Trekta gani hilo lenye jina la muuza misumari.

Kicheko kilikatika msimu wa vuli. Asubuhi ya kulima, Mbwana alifika kwa mkwewe na maksai wake wakiwa tayari wamefungwa nira, akakuta moshi wa dizeli na shamba lote limeshageuzwa. Hussein alikuwa amekaa juu ya kiti cha trekta, mguu mmoja kwenye usukani, anajipepea kwa kofia. Sinia lilipoletwa lilimpita Mbwana likaenda kwenye trekta. Yeye alipewa paja. Alilitafuna kama anatafuna kandambili.

Tangu siku ile hakukaa kwa raha. Trekta la Hussein lilikodiwa kila kona ya kata, na sauti yake ilivuka bonde ikaingia mpaka chumbani kwa Mbwana.

"Sikiliza lile debe," alimwambia mkewe. "Halitamaliza mwaka."

"Lakini mama mwenyewe anasema zile pembe..." alianza Tatu.

"Usinitajie shamba la mama."

Tatu alikuwa na habari nzuri mdomoni, ya kumponya mumewe pale pale, ila mwenye wivu ana tabia ya kufunga mlango na kulalamika kwamba hakuna hewa.

Ufuta ulipovunwa, Mbwana aliuza wote. Fedha, hata na akiba yake yote, hazikutosha, akawapeleka Afisa na Mjumbe mnadani. Dalali mmoja aliwachukua upesi, bila kuvutana sana kwenye bei, na Mbwana akaondoka bila kugeuka nyuma, kwa sababu aliogopa Afisa atakuwa anamwangalia.

"Kabla hujaenda kununua, muulize Hussein," Tatu alimwambia. "Alitoa bei gani, akapewa nini na nini. Kuuliza si kuomba."

"Nimuulize Hussein? Bora nimuulize Afisa."

"Afisa umeshamuuza," alisema Tatu.

Basi Mbwana alipanda basi mpaka Korogwe, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alianzia kwa Fabiani ili ajue bei. Alimkuta binti wa mauzo, Loveness, mwenye adabu na subira. Binti alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamzungusha kwenye trekta jekundu lililokuwa mlangoni.

"Milioni kumi na tisa, mzee, na plau yake imo humo humo kwenye bei. Fundi wetu anakuja mpaka kwako kukufungia na kukufundisha. Likikuharibikia, spea ziko hapa, hata kama ni nati moja."

Mbwana alipanda akakaa. Kiti kilimpokea vizuri. Alishika gia, ambayo ilikuwa na kirungu cha njano kinachojaa kiganjani, akaisukuma mbele na nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu vuli akili yake ilianza kupiga hesabu za mtu mzima. Plau imo. Fundi yumo. Spea ziko karibu tu, saa moja na kitu kwa basi. Kilichobaki ni kutoa fedha na kurudi nyumbani.

Hapo ndipo alipoinua macho ukutani. Kulikuwa na picha kubwa, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Hussein. Ameweka mguu mmoja juu ya tairi, meno yote nje.

"Huyo ni mteja wetu wa kwanza kutoka Sindeni," alisema Loveness kwa furaha. "Mnafahamiana?"

"Simjui," alisema Mbwana, akashuka.

Nyama ya moyo ilimwuma kweli kweli. Aliona mbele yake picha ya pili, yake mwenyewe, imetundikwa chini ya ile ya Hussein, na Loveness akiwaambia watu: huyu ni mteja wetu wa pili kutoka Sindeni. Wa pili. Alimshukuru binti, akasema atarudi, akapanda gari la kwenda Segera.

Segera, pale barabara zinapokutana, kulikuwa na duka lingine, na matrekta yake yalikuwa ya kijani, yameandikwa JABALI. Muuzaji, Godfrey, alikuwa ameshawaona wenye wivu wengi. Aliwajua kwa swali lao la kwanza.

"Hili linalishinda la Fabiani?" Mbwana aliuliza kabla hata ya salamu kuisha.

"Mzee wangu, hayo hayawekwi kwenye mizani moja. Lile ni jina la duka. Hili ni Jabali." Akaligonga boneti kwa kiganja. "Tazama kivuli hiki. Jua la Handeni unalijua."

Juu ya kiti kulikuwa na paa dogo la bati lililopakwa rangi, na Mbwana alilipenda papo hapo. La Hussein halikuwa na kivuli. Aliliona tayari likipita mbele ya ua wa Bi Hafsa, yeye amekaa chini yake kama mkuu wa wilaya. Bei ilikuwa milioni ishirini na mbili, na hilo nalo lilimfurahisha, maana nani atalinganisha ishirini na mbili na kumi na tisa? Alipanda, akashika gia. Kirungu kilikuwa cha njano, kinajaa kiganjani. Alisita kidogo. Kisha akajiambia kwamba virungu vya njano viko vingi duniani.

Kuhusu plau hakuuliza. Kama la bei ndogo linakuja na plau, la bei kubwa litakosaje? Godfrey naye hakuona sababu ya kumkatiza mtu anayetoa fedha.

Trekta lililetwa Sindeni juu ya lori, na Mbwana alimwongezea dereva kitu kidogo ili azunguke njia ya mbali, inayopita kwa Hussein. Hussein alitoka nje, akalitazama, akapunga mkono.

"Hongera, mwanyumba."

Mbwana aliipokea hongera ile kwa kuinua kidole kimoja. Akashusha mali yake nyumbani mbele ya majirani, akawasha injini, akazima, akawasha tena. Tatu alilizunguka trekta mara moja, kwa nyuma akasimama.

"Plau iko wapi?"

Majirani nao wakaenda nyuma kutazama. Mbwana alipiga simu Segera, akasogea mbali kidogo na watu.

"Plau inauzwa peke yake, mzee," alisema Godfrey kwa upole. "Milioni tatu na nusu. Ila kwa sasa zimeisha. Tunasubiri mzigo."

Mbwana hakuwa na milioni tatu na nusu. Hakuwa hata na nauli ya kwenda kugombana. Wiki ile ile mvua ya kwanza ya masika ilinyesha, udongo ukalainika, na Bi Hafsa akatuma salamu kwamba shamba lake linawasubiri wakwe zake. Mbwana, mla firigisi wa miaka mingi, alikuwa na trekta lisiloweza kukwaruza hata bustani ya mchicha, na maksai hana. Alikaa chini ya kivuli cha Jabali uani kwake, hasira zimemjaa, na kila alipotafuta wa kumlaumu alimpata Hussein.

"Nenda kaazime plau kwake," alisema Tatu.

"Plau yake haitaingia. Lile ni debe, hili ni Jabali."

"Basi nenda kahakikishe kwamba haiingii."

Alikwenda, akiendesha taratibu, akiomba Hussein asiwepo. Hussein alikuwepo. Lakini kilichomfanya Mbwana azime injini ghafla hakikuwa Hussein. Nyuma ya nyumba, kwenye zizi jipya la miti mibichi, Afisa alikuwa amesimama na kitambi chake, anacheua. Mjumbe alikuwa amelala pembeni yake.

"Ni wewe uliyewanunua," alisema Mbwana.

"Nilimtuma dalali. Ningekuja mwenyewe ungeniuzia?"

"Nisingekuuzia."

"Ndiyo maana."

"Una trekta. Unataka maksai wa nini?"

Hussein alijikuna shingo. "Mama, mwanyumba. Trekta halifiki pembeni. Siku ile ya vuli nilipogeuza nilimvunjia mihogo, na sikuiona mpaka baadaye. Tangu hapo kila mke wangu akienda kwao anarudi na maneno. Mbwana alikuwa anafika pembeni. Mbwana hakuwahi kuvunja mhogo. Jina lako limehamia nyumbani kwangu, nakula nalo, nalala nalo. Wivu umenikondesha, nakwambia kweli."

Mbwana alisikia utamu ambao hakuwahi kuupata hata kwenye firigisi. Alionewa wivu, yeye, msimu mzima, na mwenye trekta. Utamu huo ulidumu mpaka Afisa alipocheua tena. Ndipo alipoona vizuri kwamba kile alichokuwa akionewa wivu amekiuza kwa mkono wake, na aliyekinunua ndiye huyu mbele yake.

Walirudisha Jabali kinyumenyume mpaka kwenye plau ya Fabiani. Hussein aliinua upande mmoja, Mbwana mwingine. Pini ziliingia zote, bila nyundo, bila hata kusukumwa. Hussein aliinama chini ya kiti, akafuta vumbi kwenye kibati kidogo chenye maandishi ya kigeni, akaenda kwenye trekta lake kulinganisha, akarudi.

"Mwanyumba, haya ni ya kiwanda kimoja. Namba ya aina ni ile ile. Wamepaka rangi tofauti tu, kila duka jina lake." Akalitazama la kijani juu mpaka chini. "Lako wamekupa kwa ngapi?"

Mbwana aliangalia juu, kwenye paa dogo la bati.

"Lina kivuli," alisema.

Walikubaliana haraka, kwa kuwa mvua haingoji. Mbwana angelima katikati kwa Jabali na plau ya kuazima, Hussein angelima pembeni kwa maksai. Mbwana angeweza kusema: nipe mimi maksai, wewe panda trekta. Neno lilimfika mpaka kooni. Lakini trekta jipya, lililokula ufuta na ng'ombe na akiba yote, huliachi kwa mwingine siku ya kulima ukweni, na yeye alitaka Bi Hafsa akione kivuli.

Siku ilikuwa ya mawingu mazito. Jua halikuonekana kabisa. Mbwana alilima katikati kwa mistari iliyonyooka, akamaliza mapema, akazima injini karibu na ua wa fito akasubiri. Kule pembeni, kwenye mihogo, Hussein alikuwa bado anahangaika, suruali imekunjwa magotini, matope mpaka usoni.

Tatu alitoka na sinia kichwani. Mbwana alijiweka sawa kwenye kiti. Nyuma ya ua ikasikika sauti ya Bi Hafsa, haimlengi mtu yeyote: "Mpelekeeni aliyelima pembeni." Tatu alimtazama mumewe, akateremsha macho, akapita.

Hussein alinawa, akafunua sinia, akaila firigisi polepole, amesimama. Mbwana alimwangalia mtu anayetembea kwa miguu nyuma ya ng'ombe, na wivu ukamkaba upya, safari hii bila hata wa kumlaumu. Kisha Hussein akashika plau ya maksai, akampigapiga Afisa mgongoni. Afisa akatanguliza kitambi chake, akafika kwenye kona, akageuka bila kukanyaga mhogo hata mmoja, kama Mbwana alivyomfundisha.