Mafuta ya Kondoo

Kisemei alikuwa anaendesha lori ya maji Kitengela, na yeye mwenyewe hangeweza kumaliza glasi moja ya maji bila kupumzika katikati. Hiyo ilikuwa inamchekesha, zile siku alikuwa na nguvu ya kucheka. Nyuma yake tangi nzima inachapa kelele kila akipita tuta, na yeye huku mbele ameshika kachupa, anafyonza kidogo, anaweka chini, anangoja, anafyonza tena. Akijaribu kunywa vile watu wanakunywa, maji inasimama kifuani kama mgeni amekataa kuingia nyumba.

Walikuwa wamemkata tumbo. Haikuwa ajali. Ni yeye mwenyewe alienda akaomba akatwe.

Alikuwa amenona hadi lori ilikuwa inalala upande akipanda. Sukari ilikuwa juu, magoti yalikuwa yamegoma, na akilala koo yake inamkaba, kwa hivyo mchana anasinzia kwa usukani. Siku lori ilitoka barabara karibu na Isinya ikaingia mtaro, alikaa ndani akisikia maji ya watu ikimwagika, akasema basi, hii mchezo imeisha. Akauza ng'ombe zake, zile chache ukame ilimwachia, akaenda hospitali Nairobi. Wakatoa sehemu kubwa ya tumbo, wakamwachia kitu nyembamba kama ndizi.

Nyumbani aliwaambia ni vidonda vya tumbo. Kazini akasema hivyo hivyo. Sasa wewe ungesema nini? Mama yako amesimama kwa boma akiangalia ng'ombe zikianguka moja moja juu ya njaa, halafu umwambie umelipa daktari ndio usikule?

Kuhusu chakula hakuna kitu hakuambiwa. Kulikuwa na mama mmoja wa lishe pale hospitali, anaitwa Roda, mama wa kuongea pole pole kama mtu anafundisha mtoto kuvuka barabara. Alimwambia mwanzo ni vitu vya kunywa tu, supu imechujwa, uji mwepesi bila sukari. Baadaye vitu vya kusaga. Baadaye vitu laini, yai, samaki, ndengu za kuponda. Anza na yai ama nyama, ugali ikuje mwisho kama kuna nafasi. Usichanganye maji na chakula, kula kwanza, ngoja, ndio unywe. Soda usahau kabisa. Vitamini umeze kila siku hata ukijisikia simba. Tembea. Usibebe vitu nzito saa hii. Na tafuna, Kisemei, tafuna mpaka chakula igeuke uji mdomoni, na ukisikia tumbo imesema kidogo tu, weka kijiko chini hata kama sahani haijaisha.

"Nunua sahani ya mtoto," Roda alimwambia. "Na kijiko ya mtoto. Itakusaidia."

Akanunua. Sahani ilikuwa na picha ya bata.

Kitu hakuuliza Roda ni vile mtu anakaa na watu baada ya hapo. Hakujua hiyo ni swali.

Kwa sababu angalia vile madereva wa maji wanaishi. Asubuhi mko kwa foleni ya kisima, kila mtu kwa lori yake. Mchana kila mtu ako na njia yake, mwingine Acacia, mwingine Milimani. Mahali mnakutana ni moja, kwa kibanda ya Namalwa saa ya lunch. Hapo ndio mnasikia nani amepata mtoto, nani amefutwa, nani anataka kupiga nani. Hapo Kisemei alikuwa mfalme. Namalwa alikuwa anamwekea ugali na matumbo kwa sinia yake peke yake, watu wanasimama kuangalia.

Baada ya kutoka hospitali, akisikia vizuri, alienda hapo mara moja. Akasema atakula kidogo tu. Namalwa akamletea ile sinia, akaishika na mikono mbili vile ni nzito.

"Nimekuona umekauka nikakuongezea," Namalwa akasema. "Kula baba, usiniaibishe."

Akamega tonge kubwa kama zile za zamani, akatafuna haraka vile wengine wanatafuna, akachovya, akamega ingine. Ya tatu haikufika mahali. Alitoka akikimbia na mkono kwa mdomo, na akiwa huko nyuma ya kibanda ameinama, alisikia dereva mwenzake Ouko akipiga kelele, "Omera! Tenki inavuja!" na benchi nzima ikaanguka kicheko.

Ouko hakuwa mtu mbaya. Ndiye alimpatia hiyo jina ya Tenki, na ndiye alimletea kiti siku hiyo akirudi. Lakini Kisemei hakurudi tena kwa hiyo benchi. Alianza kupaki lori nyuma ya kisima, chini ya hako kamti ka miiba, anapandisha kioo, anatoa sahani ya bata. Ndengu imepondwa, kijiko moja. Anatafuna. Anaangalia ukuta. Anatafuna. Simu inalia mara ya kwanza mara ya pili, ni Ouko, haishiki. Wiki zikienda, haikulia tena saa ya lunch. Nywele ilianza kung'oka akichana. Suruali zilibaki kama za mtu mwingine. Kwa ploti mahali anakaa, watu walianza kumpisha kwa ngazi vile wanapisha mtu ako na ugonjwa, na hakuna mtu alimuuliza ni ugonjwa gani.

Magoti hayakuuma tena. Usiku alikuwa analala kama mtoto. Hiyo pia hakuwa na mtu wa kuambia.

Halafu mama yake akapiga.

"Naipanoi anasema alikuona Kitengela sokoni akakupita," mama akasema bila salamu. "Dada yako wa tumbo moja, anakupita, hakujui. Wewe unakula nini huko?"

"Nakula, yieyo."

"Unakula uongo. Jumamosi ukuje. Ndugu yangu, apu yako Leshan, ameleta kondoo dume ya mkia mnono. Nitakutengenezea mafuta."

Kisemei alijua hayo mafuta. Kwao mtu akitoka hospitali ni kondoo inachinjwa. Yale mafuta ya mkia inayeyushwa, na mgonjwa anakunywa kikombe ikiwa moto, ndio mwili irudi. Mama mwenye amezaa anakunywa. Mtu amevunjika mguu anakunywa. Yeye mwenyewe alikunywa akitoka kutahiriwa, akaomba ingine.

"Yieyo, daktari alisema..."

"Daktari alikuzaa?"

Hapo ndio mambo yote ilikuwa. Akienda, ni akunywe ama aseme ukweli. Asipoenda, ni kama amemwambia mama mkono wako nimekataa. Alijua watu walikataa mikono ya mama zao na hawakurudi nyumbani tena, si kwa kufukuzwa, ni miguu tu ilikosa njia.

Jumamosi akaenda. Kwao ni mbele ya Kajiado, unaacha lami upande wa Ilbisil unaingia ndani. Alifika jua ikiwa juu. Akainamisha kichwa mbele ya apu Leshan, na mzee akaweka kiganja juu ya nywele zake chache.

"Supa, apu."

"Ipa," mzee akasema, na mkono ikakaa pale muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Kwani hii kichwa ni ya nani? Ile nilikuwa naijua ilikuwa inajaza mkono."

Watoto wakacheka. Kisemei aliacha kichwa chini ya huo mkono. Alikuwa hajashikwa na mtu tangu nesi amtoe nyuzi.

Kondoo ilikuwa imeshachinjwa. Nyama imepangwa kando ya moto, watu wamekaa, hakuna mwenye ameshika kitu. Mama yake, Nalotuesha, alikuwa ameinama kwa sufuria akichota mafuta na kikombe ya chuma. Alikuja nayo imejaa, njano, inatoa moshi. Hakumsalimia. Alimwangalia kuanzia viatu mpaka juu, mara moja, akameza mate.

"Mgonjwa anaanza," akasema. "Hawa watangoja."

Wote wakamwangalia. Naipanoi ako na mtoto kwa goti. Apu Leshan ameegemea fimbo. Harufu ya nyama iko kila mahali na wanangoja yeye.

Angesema hapo. Maneno ilikuwa imefika kwa meno. Lakini mama alikuwa ameshika kikombe na mikono mbili, amemnyoshea. Kisemei akachukua. Akakunywa mdomo moja, akakunywa ingine, watu wakasema "ee!" na apu akapiga fimbo chini.

Ilimpata kabla hajarudisha kikombe. Jasho ikatoka usoni kama amemwagiwa. Moyo ikaanza kukimbia. Alitembea haraka nyuma ya boma akijishika kwa miiba, na huko ikatoka yote, na baada ya kuisha ikaendelea kutaka kutoka. Akapiga magoti kwa mavi kavu ya ng'ombe. Ya zile chache za mama zilibaki. Alikuwa anajua mahali zake zilikuwa zinalala.

Alipoinua kichwa mama alikuwa amesimama hapo.

"Wamekutoa nini?" akauliza.

"Yieyo..."

"Nimepatia watu mafuta maisha yangu yote. Hakuna mtu imemrudia hivyo. Wamekutoa nini?"

Akamwambia. Alimwambia akiwa bado chini, akiangalia miiba, si yeye. Ati haikuwa vidonda. Ati ni yeye aliomba. Ati tumbo imebaki kitu kidogo, na supu anaweza, nyama ya kupondwa anaweza, mafuta ndio inamrudisha, na sukari pia. Ati ng'ombe ndio zilienda huko.

Alingoja mama ampige. Ingekuwa sawa.

"Nilikuwa naonyesha watu huo mwili," mama akasema. "Watu wakipita nasema huyo ni wangu, muone. Miaka ya njaa, lakini muone. Nani alikuambia ni mbaya?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa nakufa nikilala, yieyo. Nililala kwa usukani nikaingia mtaro."

"Ulikuwa unakufa."

"Ndio."

"Na hukuniambia." Alisema hiyo pole pole. "Huko hospitali, ukiamka, nani alikuwa amekaa na wewe?"

"Hakuna."

"Nani alikuletea maji?"

"Nesi."

"Mtu hujui jina."

Ni kweli, hakujua.

Mama akageuka akarudi kwa moto, na Kisemei akasikia sauti yake ikiambia watu, "Kuleni. Ameanza." Watu wakala. Kisemei alikuja akakaa kando, kwa jiwe, na hakuna mwenye alimuuliza kitu. Ilikuwa kama kibanda ya Namalwa, tofauti ni hawa hawakucheka. Mama hakumwongelesha siku hiyo. Asubuhi yake alimpatia mkebe wa plastiki imefungwa na kitambaa, akaingia kwa nyumba kabla Kisemei hajamwambia ashe, ile asante ya kwao.

Alirudi Kitengela akijua yeye na mama imekwisha. Ile ya miguu kukosa njia, akaona imeanza.

Jumatatu, saa ya lunch, alipaki nyuma ya kisima. Njaa ilikuwa imemshika na hakuwa amepika. Akafungua mkebe. Alitarajia ile ngozi nyeupe ya mafuta ya kondoo ikiganda, nene kama mshumaa. Hakukuwa na kitu. Mtu alikuwa ameacha supu ilale, ikaganda, akatoa mafuta yote kwa kijiko mpaka ya pembeni. Chini kulikuwa na nyama, imepondwa, imepondwa, mpaka hungejua ni nyama ya wapi. Kazi ya mkono, kwa jiwe. Kipimo ilikuwa ya mtoto.

Alikaa nayo kwa mapaja, kioo ikiwa juu.

Simu ikalia.

"Umekula?" mama akauliza.

"Ndio naanza."

"Uko na nani?"

Aliangalia ukuta. Angesema niko na Ouko, niko na watu. Alikuwa amezoea.

"Niko peke yangu kwa lori."

Akasikia mbuzi huko nyuma ya mama, na upepo.

"Inachukua muda gani, hiyo kula yako?"

"Mrefu, yieyo. Natafuna sana. Kama nusu saa."

"Mtoto wa Naipanoi anamaliza haraka kuliko wewe."

"Anamaliza mingi pia."

Mama hakucheka, lakini pumzi yake ilitoka kwa pua vile inatokanga akitaka kucheka. "Na hiyo nusu saa yote unaangalia nini?"

"Ukuta."

"Ni ukuta mzuri?"

"Ni ya mawe tu."

"Weka simu hapo mbele," akasema. "Usikate. Mimi nashona shanga hapa, sina mahali naenda."

Akaiegemeza kwa usukani. Akashika kijiko ya mtoto, akachota nusu, akaweka mdomoni. Ilikuwa na chumvi ya nyumbani.

"Sisikii kitu," mama akasema. "Tafuna nikusikie."

Akatafuna.