Zege Halifichi Siri

Jumanne saa tatu asubuhi, maabarani, Lesia Hrynchuk aliweka silinda ya sampuli ya zege kwenye mashine ya kupimia nguvu, akavaa miwani ya kazi, akabonyeza kitufe. Silinda ilikuwa imetimiza siku ishirini na nane, umri wa kupimwa. Kabla ya kupasuka ikasema, "Dada, mimi nilizidishiwa maji."

"Na nani?" Lesia alikuwa ameshika kalamu.

"Dereva wa lori. Mafundi walilalamika mimi mzito kusambaza, akafungua mpira wa maji. Halafu saruji yenyewe ya kawaida tu. Udongo wenu una chumvi, utanitafuna miguu."

Ikapasuka mapema mno. Ya pili ilisema yale yale, ikaongeza umbea kuhusu majivu ya makaa ya mawe, ya kuimarisha zege, yaliyopunguzwa. Ya tatu ilikuwa na haya. Ilitaja jina la Wes tu.

Wes Pankratz ndiye aliyekuwa na kiwanda cha zege, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya uwanja mpya wa magongo ya barafuni, uliojengwa kwa zege hilo. Alikuja na kahawa yake.

"Zimesemaje?"

"Kwamba uliacha saruji ya kustahimili chumvi, ukachukua ya bei rahisi."

"Wambea hao! Siku ishirini na nane bado vichanga, Lesia. Subiri siku tisini uone."

"Binti yangu Marika atavalia nguo chini ya jukwaa la watazamaji la uwanja huo, Wes."

"Na mjukuu wangu pia. Umemsikia akilia?"

Lesia alikataa katakata kutia sahihi cheti cha kupitisha zege hilo. Wes akaazima kalamu yake, akatia mwenyewe.

Siku ya ufunguzi, jukwaa lilianza kutaja saruji, maji na majina katikati ya wimbo wa taifa. Kamati ikaongeza sauti ya vipaza sauti. Watu walisema wimbo haujawahi kupendeza vile.

Sasa kila Jumamosi Lesia hubeba mfuko wa Marika, kipa wa timu ya wasichana, na mlangoni huweka kiganja ukutani.

"Unaanguka leo?"

"Leo bado," ukuta hujibu. "Mpitishe mtoto."

Wazazi wengine nao huuliza. Foleni ilipokuwa ndefu, Wes alibandika tangazo: kila familia iulize mara moja tu, mechi zisichelewe.

Jumamosi iliyopita ukuta ulikawia kujibu. Watu wakangoja na kahawa zao mkononi.

"Leo bado," ukasema hatimaye, wakaingia.