Orodha ya Mahudhurio

Mwanamume aliyevaa ovaroli ya kiwandani aliingia ukumbi wa kanisa mtaani Mowlem bila kubisha, kofia mkononi, wakati Nasambu akiwaeleza akina mama namna ya kuchagua neno la siri la simu.

"Usitumie jina la mtoto wako," alikuwa akisema. "Wala mwaka wako wa kuzaliwa."

"Sasa tutumie la nani, mwalimu?" alidakia Annah, muuza mboga. "La mzee wangu? Hilo hata mimi nikikasirika nalisahau."

Waliangua kicheko, kikakatika walipomwona mgeni. Hakuna aliyemjua.

"Mnisamehe, mama zangu," alisema kwa upole. "Namtafuta Everline. Mimi ni shemeji yake. Mama yake mzazi amefariki huko nyumbani Webuye, na simu yake haiingii. Niliona picha yenu kwa mtandao, ndiyo nikafuata."

Aliwaonyesha simu. Ulikuwa ukurasa wa shirika lililomwajiri Nasambu: wanawake thelathini mbele ya kanisa, na chini yao jina la mtaa. Everline alikuwa mstari wa nyuma, uso ameugeuza, lakini mtu aliyewahi kuishi naye angemtambua hata kwa bega.

"Ooo, jamani!" Annah alijishika kifua. Kwao, habari ya msiba hubebwa kwa miguu hadi mlangoni, na anayeibeba huonyeshwa njia. "Leo hakuja, mtoto ana homa. Pita hapo kwa fundi wa viatu, jengo la kijani, orofa ya pili, mlango wenye pazia la maua. Pole sana, baba."

"Annah, ngoja kwanza..."

Mgeni alishashukuru na kutoka.

Everline hakuwa na mama. Alimwambia Nasambu siku ya kwanza, walipobaki wawili wakipanga viti: mama alimfia akiwa darasa la tatu, na mume ambaye yeye alimtoroka kule Mukuru kwa Njenga alikuwa ameapa kumpata. Ndiyo maana hakutaka kupigwa picha. "Ni za ripoti tu," Nasambu alimwambia, naye aliamini hivyo. "Hazitoki ofisini."

Nasambu alimpigia Everline. Ile simu isiyoingia iliita mara moja tu, akapokea.

"Toka sasa hivi," Nasambu alisema. "Mbebe mtoto, usichukue kitu kingine. Amekuja."

Alipogeuka, Annah alikuwa amesimama nyuma yake. "Lakini alisema ni msiba, mwalimu. Mtu wa msiba utamnyima vipi?"

Wiki iliyopita walikuwa wamefundishwa kutompa mgeni habari za mwenzao. Annah ndiye aliyejibu maswali yote, akapigiwa makofi. Nasambu hakuweza kumlaumu. Picha hakuiweka Annah.

Everline alipiga simu kesho yake adhuhuri.

"Nilipitia nyuma. Jirani ananiambia amekalia kiti changu mlangoni, anakula chapati nilizopika niuze." Mtoto alikohoa karibu na simu. "Ile karatasi tuliyoandika majina na namba za kitambulisho, iko wapi?"

"Ninayo. Inatakiwa ofisini Ijumaa."

"Nayo itawekwa kwa mtandao?"

"Haitafika na jina lako. Nakuahidi."

"Hata kwa picha uliniahidi, mwalimu."

Nasambu aliivuta karatasi karibu, akalitafuta jina lake: mstari wa kumi na saba.

"Basi futa na hii namba," Everline alisema. "Jina likitoka kwa karatasi, uifute. Ukikaa nayo, siku moja mtu atakuja na msiba mwingine. Na usiniulize naenda wapi."

"Nitaifuta."

Siku ya Ijumaa, msimamizi wake, Laban, aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Palipokuwa na mstari wa kumi na saba palikuwa na tundu lililokatwa kwa mkasi.

"Hii ni nini?"

"Mmoja ameomba aondolewe."

"Wafadhili wanataka thelathini, Nasambu. Thelathini kamili, na sahihi. Hii watasema tumeghushi."

"Nilikuomba uitoe ile picha."

"Nimeitoa. Lakini walioichukua wameshaichukua. Nimfuate kila mtu?" Alisukuma karatasi mpya na kalamu kuvuka meza, sauti ikalegea. "Dadangu, si unalijua jina lake? Andika tena. Ama weka la shangazi yako, mimi sijaona kitu. Bila hii siwezi kukuombea mkataba mwingine, na unajua ni wangapi wanaingoja hiyo nafasi."

Nasambu alijua. Yeye mwenyewe aliingoja miaka miwili baada ya kuhitimu, akituma barua zisizojibiwa. Mwezi uliopita tu alikuwa amempigia baba yake Bungoma kumwambia apumzike sasa, ameshapata kazi ya kusaidia watu.

Aliisukuma kalamu kurudi upande wa Laban, akaaga.

Kwenye ngazi alitoa simu. Kama Everline alifika alikokuwa akienda, kama homa ya mtoto ilishuka, kama walipata pa kulala, hapakuwa na njia nyingine ya kujua ila namba yake. Aliitazama mara moja, akajizuia kuirudia asije akaikariri, kisha akaifuta.