Kijiko cha Kui

Tangu kiharusi kinipige, ulimi wangu hausemi na chai nyepesi inanipalia. Binti yangu Kui huikoroga na unga wa wanga hadi inakuwa nzito kama uji. Halafu huonja kila kijiko kujua kama imepoa, kama anayelisha mtoto, na kukirudisha kikombeni.

Mate huyeyusha wanga. Nesi alimwambia Kui hivyo hapa hapa sebuleni Kilimani, naye Kui macho kwa simu. Mimi ndiye niliyesikia.

Leo tena chai ikawa maji. Nikakohoa mpaka machozi yakatoka.

“Huu unga ni bure kabisa, Baba,” alisema, akaongeza mwingine.

Nikamshika mkono wenye kijiko, nikaubana kwa nguvu zote nilizobaki nazo.

Akatabasamu. “Si lazima unishukuru, Baba.”

Akaonja, akachovya.