Nilisema Kuinua

Siku ya arubaini ya marehemu Yusufu, ubwabwa haujapoa kwenye sinia, mdogo wake Mustafa alitoa neno. Trekta dogo la kaka yake, alisema mbele ya ukoo, litabaki kwa mjane kama fungu lake, mradi aweze kufanya kazi nalo. Na kazi ya trekta lile kila mtu aliijua: ukifika mwisho wa mstari unashuka, unainua jembe la chuma kwa mikono, unalitundika kwenye ndoano, ndipo ugeuze. Yusufu mwenyewe, na mabavu yake, alikuwa akiguna.

"Eda ikiisha, shemeji, uinue jembe tuone," alisema Mustafa. "Ukiinua, lako. Sisi si madhalimu."

Wazee wakaitikia. Somoe, mjane mwenyewe, aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alibakiza miezi mitatu ya eda na mikorosho mia na kitu, na majani hayamngoji mtu amalize kulia.

Akamwita Joaquim, fundi pikipiki, ambaye mama yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa amembeba mgongoni. Joaquim akakaa uani, Somoe ndani, pazia katikati, kwa kuwa eda ni eda. Somoe akamweleza alichokiwaza: jeki inanyanyua gari zima, na anayeizungusha ni mtu mmoja tu. Ikizungushwa na mota, jembe litaishinda? Joaquim akacheka, akasema mama huyu angekuwa fundi, yeye angekufa njaa.

Wiki ile ile akaleta kutoka Magomeni mota ya wipa ya gari bovu. Akaiunga na skrubu ya jeki, akachomelea mkono wa chuma, akavifunga kwa nati kwenye trekta pale uani, akavuta waya hadi kwenye betri. Mara ya kwanza mota ilinguruma, fyuzi ikaungua: skrubu ilikuwa kavu. Somoe akapitisha chini ya pazia kopo la grisi ya marehemu. Mara ya pili jembe likashuka badala ya kupanda. Joaquim akageuza nyaya. Mara ya tatu likapanda polepole, kama mgonjwa anayeketishwa kitandani. Somoe, jicho kwenye tundu la pazia, akasema alhamdulillahi.

Eda ikaisha, akaoga, akatoka. Ukoo ukakusanyika shambani, Joaquim naye akaja. Akalima mistari miwili. Kila akifika mwisho alibonyeza swichi, jembe likapanda, akageuza bila kushuka kitini. Wifi yake Hadija akapiga kigelegele, akakikata katikati alipouona uso wa Mustafa.

Mustafa alilizunguka trekta. Akaigusa ile mota kwa ncha ya fimbo.

"Nani kainua?"

"Mimi, shemeji."

"Wewe umebonyeza. Jembe limeinuliwa. Mimi nilisema kuinua, sikusema kuinuliwa. Au Kiswahili nakijulia wapi, mimi Mmakonde wa watu?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichohukumu. Mzee mmoja, wa wale waliokula ubwabwa wa arubaini, akayatazama makubazi yake, akasema neno ni neno.

Somoe hakulia. Alimwomba Joaquim spana, akafungua nati moja moja: jeki, mota, waya, mkono wa chuma. Hivyo havikuwamo katika mirathi, na hakuna aliyethubutu kusema vimo. Mustafa akalikamata jembe, shingo ikamvimba, akalitundika. Akaondoka na trekta.

Mvua za mwaka ule Somoe alipalilia mikorosho kwa jembe la mkono, akafika nusu. Nusu ya pili ikamezwa na majani, na kiangazi moto ukapita humo. Mota ilikaa chini ya kitanda, imefungwa kanga.

Mvua nyingine zilipokaribia, Hadija alikuja akamkuta anamenya mihogo. Akazunguka zunguka, kisha akasema: Mustafa mgongo umemkatika kwa lile jembe, hata kugeuka kitandani anageuzwa. Anaiomba ile mota, apate mtu wa kumlimia.

"Mwambie alisema kuinua," alijibu Somoe.

Hadija akaaga.

Adhana ya alasiri ilipolia, Somoe alitawadha, akatandika mkeka. Katika sijida ya mwisho alikaa muda mrefu, paji la uso chini, akitafuta dua ya kumwombea shemeji yake mgonjwa. Hakuipata. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akarudi kwenye mihogo yake.